Shajara ya mradi: kadi za seva ya duka la jumla, Lusaka Road

Jumatatu, jioni

Kazi imeanza. Mteja anauza vifaa vya ujenzi kwa jumla huku Industrial Area, Nairobi: nondo, mabati, simiti, misumari kwa kilo. Kila kinachotoka getini kinapitia seva moja iliyofichwa chini ya ngazi, nyuma ya kaunta. Hapo ndipo mauzo yanaingia, stoo inahesabiwa, mizani inasomwa, na ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kodi, zinatumwa KRA, mamlaka ya kodi.

Malalamiko ni matatu na kila mtu ana lake. Keshia anasema ankara iliyokuwa ikitoka kabla mteja hajafunga pochi sasa inachelewa hadi foleni inafika mlangoni. Mtunza stoo anasema mizani ya uani imeanza uchawi: nondo za tani nzima ziko juu yake na skrini ya ofisini inaonyesha sifuri. Mhasibu naye anasema stima ikipotea usiku, asubuhi mashine inaamka ikiamini ni mwaka 2012 na ankara hazipiti.

Mwenye duka alishashauriwa anunue seva mpya. "Fundi, niambie ukweli, hii imekufa?" Nikamwambia, "Mzee, nipe nafasi niifungue kwanza, jibu utalipata." Bodi zenyewe hufa mara chache kuliko watu wanavyodhani. Kinachochoka ni vilivyo pembeni yake: betri, feni, mguso kati ya kadi na sloti. Kisha kuna mipangilio ambayo aliyeiweka aliondoka nayo kichwani.

Ndani kuna bodi kuu yenye prosesa moja, vijiti vinne vya RAM ya aina ya ECC (inayosahihisha makosa yake), kadi ya RAID inayoshika diski nne kwa pamoja, kadi ya mtandao yenye milango miwili, na kadi ya siriali yenye milango minane kwa ajili ya mizani na printa za zamani. Leo hatukugusa hata skrubu ya kadi moja. Tumepiga picha kila sloti, kila jampa (kiziba kidogo cha kuchagua mpangilio), kila kurasa ya BIOS (mipangilio ya bodi), tukabandika namba kwenye kila waya, tukahifadhi orodha nzima ya kadi inayotolewa na amri ya lspci. Bekapu imechukuliwa kwenye diski ya nje na nimeifungua kwenye laptopu yangu nikaona ankara za jana zinasomeka. Bekapu ambayo haijawahi kufunguliwa siihesabu.

Jumanne

Tumeanza na saa kwa sababu ni kazi nyepesi na mhasibu ana presha ya mwisho wa mwezi.

Kwenye bodi kuna betri ya duara, CR2032, ya 3 V. Mita imesoma 2.1. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, saa yake hulishwa na ule umeme mdogo unaobaki hata ikizimwa, kwa hiyo betri hiyo huitwa kazini pale tu stima inapokatika kabisa. UPS yao huishiwa nguvu mapema, na usiku hakuna wa kuwasha jenereta. Ndiyo maana ugonjwa ulikuwa unaonekana asubuhi tu.

Mhasibu alitaka kujua saa ya mashine inahusiana vipi na KRA. Nikamweleza kwamba kabla ankara haijasafiri, upande wa pili huonyesha cheti cha usalama, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Seva iliyodhani ni 2012 ilitazama cheti cha juzi, ikaona hakijaanza kutumika, ikakata mawasiliano yenyewe.

"Kwa hiyo miezi yote hii tunawalaumu KRA, kumbe sisi ndio tunawafungia mlango?"

"Ndivyo, madam."

Kwenye bodi hii kutoa betri hufuta mipangilio ya BIOS, na hapo picha za jana zikalipa. Tumerudisha mpangilio wa diski ya kuwakia, na ule wa mashine kujiwasha stima ikirudi. Nimeiagiza pia ipatanishe saa yake na seva za NTP, zinazotoa saa sahihi mtandaoni, kila inapowaka.

Jumatano, baada ya duka kufungwa

Kufungua ubavu wa seva hii ni kukutana na Industrial Area yote kwa mpigo. Kuna vumbi la simiti, kuna masizi ya malori, na kuna kitu kilichonitisha zaidi: unga mweusi unaong'aa. Uani kuna mashine ya kukata nondo, na mlango wake unatazamana na ngazi. Kijana ninayemfundisha kazi alikung'uta brashi juu ya karatasi, akapitisha sumaku chini yake. Unga ukasimama wima, ukaifuata sumaku karatasi nzima. Vumbi la kawaida huziba hewa tu. Hili hupitisha umeme, na pini za chipu za siku hizi zimeachana kwa nusu milimita au chini ya hapo.

Tumetoa kadi zote. Mkanda wa umeme tuli mkononi, waya wake kwenye fremu. Kijana aliuliza kwa nini mkanda una rezista ya megaohmu 1 ndani yake badala ya waya mtupu. Ni kwa usalama wako: umeme tuli hutoroka polepole na bado unatoroka wote, lakini ukigusa waya wenye 240 V, rezista hiyo inazuia mkondo wa hatari usipite mwilini. Blowa tuliitumia nje, uani, huku kidole kikishika feni isizunguke, kwa sababu feni inayosukumwa na blowa huzalisha umeme wake yenyewe na kuurudisha kwenye bodi, tena inaharibu beringi.

Miguso ya dhahabu tumeisafisha kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Najua mjini wapo mafundi wanaosugua kwa raba ya penseli, na kadi huwaka. Dhahabu ile ni tabaka jembamba mno. Ukisugua mara kadhaa umebaki na nikeli na shaba, na makombo ya raba yamebaki ndani ya sloti.

Kwa nini nilishuku miguso? Nilipotazama taarifa za kadi ya RAID kwa lspci -vv, mstari wa LnkCap ulisema kadi ina uwezo wa njia nane, x8, lakini LnkSta ikasema imeelewana na bodi kwa x4. Hilo lenyewe lingeweza kuwa halali, maana zipo sloti ndefu zilizounganishwa nusu. Lakini kwenye bodi hii sloti hiyo imechapwa x8, na kitabu chake kinakubali. Kando ya hapo, dmesg, daftari la matukio la mfumo, ilikuwa imejaa makosa yaliyosahihishwa ya PCIe, yaani mawasiliano kati ya kadi na bodi. Kadi inapojaribu njia zake wakati wa kuwaka na kukuta baadhi hazigusi vizuri, hupunguza upana ikaendelea na kazi, haimwambii mtu.

Baada ya kusafisha: x8, na makosa yamenyamaza. Nilimweleza mzee mapema kwamba hili peke yake halitaondoa foleni. Njia nne za PCIe ya kizazi cha 2 hubeba takribani megabaiti 2,000 kwa sekunde, na diski nne za kuzunguka hazifiki hata nusu ya hapo. Foleni ina chanzo kingine.

Kadi ya mtandao tumeishusha sloti moja, maana ilibanana na kipoza joto cha kadi ya RAID. Linux hutunga jina la mlango wa mtandao kutokana na namba ya basi ya sloti, kwa hiyo enp3s0 iliamka ikiitwa enp5s0, na seva ikawa haina mtandao. Nililitarajia. Mipangilio sasa inafuata anwani ya MAC, namba ya kadi yenyewe, ihamishwe sloti yoyote.

Alhamisi

Leo ni siku ya foleni.

Kadi ya RAID ina kumbukumbu yake, megabaiti 512. Hali ikiwa njema, programu ya mauzo inapotaka kuandika, kadi hupokea data kwenye kumbukumbu hiyo, hujibu papo hapo "nimeandika," kisha hupeleka diskini kwa wakati wake. Ahadi hiyo inahitaji mdhamini, kwa sababu stima ikikatika kabla data haijafika diskini, kumbukumbu inafutika na ankara ambayo mteja ameshaondoka nayo haipo. Mdhamini ni betri ndogo ya lithiamu iliyofungwa kwenye kadi. Betri ikifa, kadi yenye busara huacha kutoa ahadi. Kila kitu kinaandikwa diskini kwanza ndipo jibu litoke.

Taarifa ya kadi ilikuwa wazi: betri imefeli, uandishi umegeuzwa kuwa wa moja kwa moja. Nilipoigusa nikakuta imevimba, plastiki yake imeinuka upande mmoja.

Hesabu ya foleni ni hii. Diski hizi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Hifadhidata inapothibitisha muamala, hungoja data iguse sahani, na kwa miamala inayofuatana moja baada ya nyingine unapata takribani mmoja kwa mzunguko. Programu yao imeandikwa na mtu aliyethibitisha kila mstari wa ankara peke yake, na kila mstari unagusa mauzo, stoo na kodi, kila kimoja kwa muamala wake. Fundi ujenzi akija na orodha ya vitu arobaini, hiyo ni miamala 120, sekunde nzima kwa uchache. Keshia sita wakifanya hivyo pamoja, na stoo ikihesabu nyuma yao, foleni ya mlangoni imepata maelezo.

Mhasibu akasema, kwa upole, kwamba fundi mmoja aliwahi kuwaambia kuna sehemu ya kubofya ili kadi irudi kasi ileile hata bila betri. Ni kweli, ipo. Kadi inaruhusu ulazimishe ahadi bila mdhamini. Kwa duka ambalo stima hupotea na UPS ni mgonjwa, nilikataa, na nimeandika kwenye ripoti kwamba nimekataa. Mzee hakuhitaji maelezo marefu. Anaelewa habari ya hundi isiyo na pesa benki.

Ijumaa

Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki mjini. Betri za kadi hii zinapatikana, nyingi zikiwa zimetolewa kwenye seva zilizostaafu Ulaya. Ushauri kwa anayekwenda: usiridhike na "ni mpya, boss." Tafuta tarehe ya kutengenezwa kwenye stika. Lithiamu huzeeka hata ikiwa rafuni, na betri iliyokaa miaka mingi kwenye nailoni yake haina tofauti kubwa na ile unayoitoa. Nilikagua kadhaa hadi nikapata yenye tarehe ya kuridhisha. Kadi nyingi za kizazi kipya hazina betri ya lithiamu kabisa: zina kapasita kubwa inayoipa kadi nguvu za kutosha kunakili kumbukumbu kwenye flashi stima inapokata, kisha data inakaa hapo hata wiki. Nimemwandikia mzee bei ya hiyo pia, kwa bajeti ya mwaka ujao.

Iliyovimba iko kwenye ndoo ya mchanga mkavu hadi nitakapoipeleka kwa wanaochakata taka za elektroniki. Haiingii kwenye pipa la duka.

Jumamosi, usiku

Betri imefungwa, tumesubiri ijae, kadi imerudi yenyewe kwenye uandishi wa ahadi. Ankara ya vitu arobaini inatoka kabla kidole hakijaacha kitufe.

Kisha jaribio ambalo kijana alikuwa analiogopa. Juu ya hifadhidata ya majaribio tukaanzisha uandishi mfululizo, kila muamala ukiwa na namba, na laptopu ikiandika namba ya mwisho iliyojibiwa "tayari." Nikachomoa waya wa umeme. Tukanywa chai. Tulipoirudisha, kadi ilitangaza imekuta data kumbukumbuni na inaimwaga diskini. Namba ya mwisho kwenye laptopu ilikuwamo kwenye hifadhidata. Mzee alikuwa amekaa ngazini muda wote akitazama.

Jambo moja limebaki kwenye mipangilio. Betri za namna hii hujipima zenyewe kila baada ya wiki kadhaa, zikajimaliza na kujijaza upya, na wakati huo kadi hurudi kwenye uandishi wa polepole. Kama kipimo kikiangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, simu yangu itaita. Nimekipanga kiwe Jumapili usiku.

Jumapili

Mizani. Hii ndiyo niliyoifurahia zaidi.

Kuna mizani mbili: ya misumari ndani ya stoo, na ya sakafu uani kwa nondo. Zote zilikuwa kwenye RS-232, mtindo wa zamani wa mawasiliano ya siriali, kila moja na waya wake hadi kadi ya milango minane. RS-232 ilikusudiwa masafa mafupi, kama mita 15 kwa desturi ya zamani. Waya wa uani ni zaidi ya mara mbili ya hapo na umefungwa sambamba na waya wa mota ya mashine ya kukata nondo. Kwenye RS-232 ishara hupimwa dhidi ya ardhi moja inayoshirikiwa na pande mbili, na kelele yoyote iliyoingia kwenye waya inahesabiwa kuwa ishara. Mtunza stoo alithibitisha bila kujua: "Ikikatwa nondo ndiyo inasoma vibaya." Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kadi ina jampa kwa kila mlango za kuchagua RS-232, 422 au 485, na vichwa vya mizani zote mbili vina RS-485. Hii hutumia jozi ya nyaya zilizosokotwa, mpokeaji anatazama tofauti kati ya waya mmoja na mwingine, na kelele inayoziingia zote mbili kwa pamoja hujifuta. Kwa kasi ndogo inafika mita 1,200. Tena mizani zote mbili zinakaa kwenye jozi moja, kila moja na anwani yake. Tumevuta kebo mpya kwenye bomba la peke yake, mbali na mota, kadi mwanzo, misumari katikati, nondo mwisho.

Jozi hii inahitaji rezista ya ohmu 120 kwenye kila ncha, basi, ili ishara isigonge mwisho na kurudi. Kabla ya kuwasha chochote nilimpa kijana mita, akapima kati ya nyaya mbili.

"Arobaini."

"Ilitakiwa iwe ngapi?"

Akafikiri. Rezista mbili za 120 zikikaa sambamba hutoa 60. Arobaini ni tatu. Akasimama mwenyewe, akaenda stoo na bisibisi, akafungua kichwa cha mizani ya misumari iliyo katikati, akakuta jampa ya rezista imewekwa tangu kiwandani. Akaitoa, akarudi, akapima: 60. Sikusema kitu.

Upande wa programu kulikuwa na kikwazo kingine. Kadi ina milango minane lakini mfumo uliona michache. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, kwa asili huandaa nafasi nne tu za milango ya aina hii, na bodi kuu ilishachukua mbili. Ukiongeza 8250.nr_uarts=16 kwenye mstari wa kuwakia, yote inajitokeza. Kumbe ndiyo sababu printa ya ghalani ilikuwa "mbovu" tangu kadi iwekwe.

Mashine ya kukata nondo imewashwa kwa makusudi huku mizani ikisomwa. Hakuna sifuri.

Jumatatu

Kijiti kimoja cha RAM. Ripoti ya ECC ilikuwa na makosa ya biti moja, yote kutoka sloti moja. ECC husahihisha biti moja na kugundua mbili katika kila neno la biti 64, kwa hiyo kazi haikuharibika, lakini ni onyo. Tulikibadilisha sloti na jirani yake, makosa yakakifuata kijiti. Kimebadilishwa na cha aina ileile. Vijiti vyenye rejista (chipu ya kupokezana ishara) na visivyo nayo havichanganywi kwenye bodi moja.

Joto nalo. Watengenezaji wengi wa seva huandika nyuzi 35 kuwa kikomo cha hewa inayoingia, kisha baadhi yao kwa maandishi madogo hupunguza nyuzi 1 kwa kila mita 300 juu ya mita 950, kwa sababu hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Nairobi iko karibu mita 1,800. Kikomo chetu ni kama 32, na chini ya ngazi ile adhuhuri kipimajoto kilionyesha 31 mlango ukiwa umefungwa. Tumeinua seva kutoka sakafuni, tumeweka chujio mbele, na fundi seremala amekata dirisha la hewa kwenye mlango.

Jumatano

Karatasi ya ramani ya sloti imebandikwa ndani ya ubavu wa seva na nakala iko kwa mhasibu: kadi gani iko wapi, jampa zake zimekaa vipi, toleo la faimuwea (programu iliyo ndani ya kadi), tarehe ya kila betri.

Yaliyobaki: UPS inahitaji betri mpya, mzee ameidhinisha. Ardhi ya soketi ya seva hainiridhishi, mita inaonyesha volti kadhaa kati ya nyutro na ardhi hata mzigo ukiwa mdogo. Hiyo ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni na anakuja Ijumaa na nondo ya ardhi. Akimaliza nitapima upya, na hapo ndipo nitaisasisha faimuwea ya kadi ya RAID, duka likiwa limefungwa na bekapu mpya ikiwa mkononi.